Jina la Kaka Yangu kwenye Mstari wa Sita

Jumamosi, mwezi wa tatu, 2004. Bujumbura.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, na sasa jua limetoka kwa hasira hadi matope yanatoa mvuke. Macho yangu yamevimba. Nimekaa siber, duka la intaneti, mjini, kwenye kompyuta ya kona, na mama mmoja nyuma yangu anaongea kwa simu na mtu wa Ubelgiji kana kwamba anataka asikike huko bila simu. Nitaandika haraka kabla sijabadili mawazo.

Juzi Alhamisi, saa saba mchana, redio ilitangaza kwamba kaka yangu ni marehemu. Aliyeandika tangazo hilo ni mimi. Na mimi sijui kama amekufa.

Basi, nimeshasema. Sasa nianze mwanzo.

Kwa wewe uliyeingia kwenye ukurasa wangu huu wa intaneti mara ya kwanza (kaunta inasema wasomaji kumi na mmoja, na najua tisa kati yao ni mimi mwenyewe nikija kuangalia kaunta): naitwa Hadija, nina miaka ishirini na minne, nafanya kazi kwenye sekretaria ya patro wangu, bosi Issa, kule Buyenzi, karibu na soko. Sekretaria yenyewe ni kibanda chenye kompyuta moja, printa moja na mashine ya fotokopi inayotafuna karatasi. Watu wanakuja kuandikiwa barua za kuomba kazi, barua za komine, ofisi ya serikali ya mtaa, na zaidi ya yote matangazo ya misiba. Tangu vita vianze, kazi ya matangazo haijalala hata wiki moja.

Mwaka jana patro aliletewa na binamu yake kitabu cha fotokopi, cha Kifaransa, cha kujifunza JavaScript, lugha ya kuiagiza kompyuta. Hakina jalada na kurasa za mwanzo hazipo. Patro alikifungua, akakifunga, akanisukumia.

"We Hadija, uko na kichwa. Angalia kama hii kitu inaweza kutusaidia."

Ni mazoezi tu, ya watu wanaoanza, na karibu yote ni ya maneno. Hesabu herufi. Geuza neno kinyumenyume. Fanya herufi zote kubwa. Tafuta neno ndani ya maandishi. Wala huhitaji chochote zaidi ya kompyuta yenyewe, unaandika mistari yako, unafungua ukurasa, unaona kama umekosea. Na kila zoezi linaanza kwa sentensi ileile: chukua neno lolote.

Mtu akikuambia neno lolote, mkono unaandika wenyewe. Mkono wangu uliandika Nassoro Kilombili.

Nassoro ni kaka yangu, mtoto wa kwanza wa Mama. Kilombili si jina lake la kweli. Alizaliwa miezi haijatimia, wakamweka kwenye mizani, kilo mbili, na Mama akamwita hivyo hivyo. Akiwa mdogo aliitikia. Alipofika miaka kumi na miwili akaanza kulichukia, na alipoanza kazi ya garaji akatupiga marufuku kabisa: nje ya mlango wa nyumba yetu mtu asilitamke. Huko garaji alikuwa Fundi Nassoro, mabega mapana, na hakutaka mafundi wenzake wajue kwamba aliwahi kupimwa kama nyama ya bucha. Tulimheshimu. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo jina likabaki la watu watatu tu.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuhesabu herufi. Nilihesabu kwa vidole nikapata kumi na sita. Kompyuta ikasema kumi na saba. Nilibishana nayo nusu saa nzima, nikahesabu tena kwa kalamu, kumi na sita. Kumbe ile nafasi tupu katikati ya majina mawili nayo inahesabiwa. Nilicheka peke yangu mle kibandani, halafu nikaacha kucheka. Kwetu ni hivyo pia. Ukimuuliza Mama ana watoto wangapi, anasema wawili.

Zoezi la kugeuza lilinipa ilibmoliK orossaN. Angekuwepo angenichapa kwa taulo lake la mafuta ya gari.

Zoezi la kutafuta ndilo lililonikaa rohoni. Ukiiambia kompyuta itafute neno ndani ya maandishi, na neno lipo, inakwambia liko nafasi ya ngapi. Kama halipo, inakujibu -1. Haikuachi umesimama mlangoni siku nzima, inakujibu: nimetafuta kote, hamna. Niliitazama ile -1 muda mrefu. Sisi hatujaipata hata hiyo.

Nikiri kitu. Sikuwa najifunza JavaScript kwa ajili ya patro, wala kwa ajili ya kupata kazi nzuri mjini, ingawa hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu. Nilikuwa napata sababu ya kuandika jina lake kila siku. Nyumbani halitajwi hovyo, kila likitajwa Mama anageukia mlango. Kwenye mazoezi nililiandika mara mia, na hakuna aliyegeuka.

Alipotea hivi. Miaka tisa iliyopita, vita vilipofukuza watu mtaani kwetu, tulitoka asubuhi na vitu kichwani, tukashika njia ya Gatumba kwenda Uvira, upande wa Kongo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, yeye ishirini. Tumeshakwenda mwendo, Mama akasimama katikati ya watu. Kichwa cha cherehani kilikuwa kimebaki chini ya kitanda. Mama alikuwa fundi wa nguo, cherehani ile ndiyo iliyotulisha baada ya Baba. Akamwambia Nassoro, rudi mbio ukilete. Nassoro akanikabidhi godoro alilokuwa amebeba, akaniambia nisiliburuze kwenye matope, akarudi.

Nililiburuza. Hatukumwona tena.

Tulikaa Uvira, halafu Kigoma kwa shangazi wa Mama, na huko ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki ninachoandikia. Tuliporudi Buyenzi, nyumba ilikuwa haina milango wala mabati. Cherehani haikuwepo. Mtu mwingine angesema wezi wamebeba, kama walivyobeba mlango. Mama yangu akasema: kama cherehani haiko, basi Nassoro alifika. Kama alifika, aliichukua. Kama aliichukua, alitoka. Hesabu yake ni hiyo, na hakuna mtu aliyeweza kuikosoa mbele yake. Shehe wa mtaa alikuja mara mbili, kwa upole, kumwambia miaka imekuwa mingi, sasa tumsomee hitima. Mara zote mbili Mama alimpa chai, akamsindikiza hadi njiani, akamwambia mutu mwenye kuwa anakuja hasomewi.

Na hajashona tena. Hata kifungo ni mimi ninayeshona.

Kila siku saa saba redio inasoma matangazo. Kwanza ni ya watu wanaotafuta ndugu zao, fulani aliyepotezana na watoto wake njia fulani, mwenye habari afike mahali fulani. Halafu misiba. Mama anasikiliza ile sehemu ya kwanza amesimama, mkono juu ya redio. Ikifika misiba anazima. Miaka yote anazima.

Sasa zoezi la kumi. Badilisha neno fulani ndani ya maandishi kwa neno lingine. Amri yenyewe inaitwa replace. Nilipoielewa tu, nikapata wazo, nikajiona mjanja kuliko mji mzima. Matangazo yote ya misiba ni yaleyale, kinachobadilika ni jina, nyumba na siku. Basi nikaandika ukurasa wenye tangazo lililokamilika, na ndani yake, kama mfano, nikaweka lile neno langu la kila siku. Mstari wa kwanza: familia ya marehemu Nassoro Kilombili inawatangazia. Mstari wa sita: hitima ya kumwombea Nassoro Kilombili itasomwa. Mteja akija, unaandika jina la marehemu wake kwenye kisanduku, unabofya, jina linabadilika, unachapa. Dakika moja.

Niliweka majina matatu ya kujaribia. Kila mara nilitazama mstari wa kwanza, ukawa umebadilika vizuri. Mstari wa sita sikuutazama. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hasomi hadi chini. Patro aliniita injenia siku nzima, akamwambia hata muuza ndizi.

Sijui kwa nini sikuona kinyaa kuweka jina la kaka yangu baada ya neno marehemu. Naapa sikuliona hivyo. Kwangu lilishakuwa neno la majaribio, kama vile watoto wanavyoandika a, e, i, o, u. Labda hilo ndilo kosa kubwa kuliko lile jingine.

Jumatano akaja Zubeda wa avenyu ya nane. Mama yake, Bi Tausi, alikuwa amefariki, wamemzika adhuhuri, na hitima watasoma Jumapili. Nikamwambia pole, nikaandika jina, nikabofya, nikachapa nakala mbili. Zubeda akaikunja yake bila kuisoma, machozi yalikuwa yanamzuia. Nyingine patro akaipeleka redio kwa baiskeli.

Alhamisi saa saba. Redio ya kibandani ilikuwa imewashwa. Mtangazaji, yule mwenye sauti ya usingizi, akasoma: "Familia ya marehemu Bi Tausi wa Buyenzi inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki." Nilikuwa napanga karatasi kwenye fotokopi, najisikia fahari, tangazo langu la kwanza la injenia. Akaendelea hadi mwisho. "Hitima ya kumwombea Nassoro Kilombili itasomwa Jumapili hii saa tisa alasiri." Akaingia tangazo lingine, hata hakupumua.

Mara ya kwanza sikushtuka. Nilidhani nimelisikia kichwani mwangu, kama ninavyolisikia siku zote. Ni patro aliyeinua uso.

"Nassoro Kilombili njo nani?"

Nilikimbia. Njia nzima nilijiambia Mama amezima, ikifika misiba huwa anazima, kwa nini leo asizime. Niliruka mifereji na kitenge nimekishika mkononi, watu wakinipisha. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja. Bi Tausi alikuwa mteja wa Mama wa zamani, tangu enzi za cherehani, na Mama alitaka kujua hitima yake ni saa ngapi.

Mkeka ulikuwa tayari umetandikwa uani. Mama ameketi juu yake, miguu ameinyosha, kichwa amekifunika. Mama Swaumu, jirani yetu, amemshika kwa nyuma. Redio iko pembeni, imezimwa.

"Wamemusema," Mama aliniambia. "Hadija, wamemusema kwa redio."

Halafu akalia. Lazima uelewe, mama yangu hakuwahi kumlilia Nassoro. Miaka tisa. Kulia kungekuwa kukubali. Alhamisi alilia hadi sauti ikakatika, na hata baada ya sauti kukatika mdomo uliendelea.

Mimi nilipaswa kusema hapohapo. Maneno yalikuwa machache tu: Mama, ni kosa, ni mimi, ni kompyuta. Nilifungua mdomo, nikapiga magoti, nikalia pamoja naye. Wanawake wa avenyu walikuja mmoja mmoja, wakanishika mabega, wakaniambia pole mwanangu, Mungu amulaze pema. Na mimi nikazipokea zile pole. Nikasema ahsante. Upande wa milimani, juu huko Kiriri, milio ya risasi ilisikika mchana kweupe, hakuna aliyeinua kichwa.

Mimi ni mwoga. Nataka liandikwe mahali.

Lakini haikuwa woga peke yake, na hapa ndipo nilipokwama siku mbili. Nikimwambia kweli, Mama atainuka kwenye ule mkeka, atajifuta uso, atarudi kusimama na mkono juu ya redio. Miaka mingine tisa. Nikinyamaza, anamlilia mwanawe vizuri, kwa sauti, akiwa ameshikwa na wenzake, kama mzazi yeyote. Ila anamlilia kwa uongo wangu. Na je, kama yuko hai? Kama yuko Kasulu, yuko Lubumbashi, anatengeneza gari la mtu, halafu sisi tumekwisha kumzika kwa sababu dada yake hakusoma mstari wa sita?

Jana asubuhi nilifika kazini kabla ya patro. Nilitaka kuliona lile kosa kwa macho. Nikaandika tena jina la Bi Tausi, nikabofya, nikateremka hadi chini. Alikuwa pale. Mstari wa sita, ametulia, kama mtu aliyekaa chumba cha nyuma wakati wageni wanasalimiana mbele.

Kitabu kilikuwa kimeeleza. Chini ya ukurasa, kwa maandishi madogo ambayo fotokopi imeyala nusu: amri ya replace ikipewa neno, inabadilisha pale linapotokea mara ya kwanza, inaishia hapo. Ukitaka ifike hadi mwisho, neno unaliweka kati ya mistari miwili ya mshazari, na mwisho unaongeza herufi g.

/Nassoro Kilombili/g

Herufi moja. Ningeiweka, Nassoro angekuwa hai mpaka leo, kwa namna ile aliyokuwa hai.

Niliiweka. Nikabofya. Alitoka mstari wa kwanza, akatoka mstari wa sita. Nililia kuliko nilivyolia Alhamisi, na patro aliponikuta akasema niende nyumbani, kazi ataifanya mwenyewe. Hajui hata kuwasha printa, masikini. Nikamweleza kila kitu. Akavua kofia, akaivaa tena. "Sasa Zubeda atatuambia nini," akasema.

Zubeda alikuja baada ya sala ya Ijumaa. Nilimwona tangu mbali na nakala yake mkononi, imekunjuliwa. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na kusema kweli nilitaka kutukanwa, ingenipunguzia. Nimeharibu tangazo la mama yake, siku ya pili baada ya kumzika, mbele ya nchi nzima.

Hakupaza sauti. Aliweka karatasi mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa sita.

"Huyu ni nani wenu?"

Nikamwambia. Garaji, godoro, cherehani, mazoezi, yote, nikichanganya mambo, hata zile herufi kumi na saba. Alinisikiliza amesimama. Nikamwomba msamaha, nikamwambia patro atapeleka tangazo jipya leo leo, jina hilo litafutwa.

"Apana," akasema. "Mutu akisha kuitiwa hitima, hatuwezi kumuondoa. Watu wamesikia. Kuna wenye watakuja Jumapili juu ya kumuombea yeye. Tutawaambia nini, murudi, huyu si wetu?" Akaikunja karatasi. "Mama yangu alishonewa nguo ya harusi na mama yako. Tutawasomea wote wawili. Lakini we umuambie mama yako kweli. Asikuje kwangu kwa uongo."

Kwa hiyo leo asubuhi, mvua inanyesha, wanawake hawajafika, tuko wawili tu ndani, nimemwambia. Sikujua nianze wapi, Mama hajawahi kugusa kompyuta. Nikamweleza kwa mambo ya ushonaji. Nikasema, Mama, ni kama shati lenye vifungo vyeusi, umeiambia mashine iweke vyeupe, ikaweka cheupe cha juu, ikaacha cha chini vilevile. Cha juu kilikuwa Bi Tausi. Cha chini nilikiacha mimi. Hakuna mtu aliyeleta habari ya Nassoro. Hakuna anayejua kitu. Ni mimi nilikuwa najifunza.

Alikuwa anapepeta mchele. Hakusimamisha mikono.

"Nilijua ni we," akasema.

Nilidhani hakunielewa. Nikaanza upya, vifungo, shati. Akaweka ungo chini.

"Hadija. Kilombili nani anamujua? Ile jina haijatoka mu hii nyumba. Yule wa redio alipoisema tu, nikajua ni mukono yako. Mutu wa inje angesema Nassoro, ao Fundi Nassoro." Akakung'uta pumba kwenye kitenge. "Nikasema basi, aliyemuandika ni dada yake. Kama ni dada yake, naweza kulia."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia, kwa nini aliniacha siku mbili nakufa na siri yangu.

"Na we ulikuwa unaniacha," akasema, na karibu acheke.

Halafu akasema kile ambacho hajawahi kukisema tangu njia ya Gatumba. Nitakiandika kama alivyokisema, maana sitaki kukisahau na sitaki kukipamba. "Mi njo nilimurudisha. Juu ya ile chuma ya cherehani. Nikisema amekufa, ni mi nimemuua. Mi mwenyewe siwezi kuisema. Nilikuwa nangojea mutu mwengine aiseme. Miaka yote nasimama pa redio, nangojea waiseme, halafu wakikaribia kuisema nazima."

Nilimshika. Nilimwambia hakumuua. Nilimwambia kila mtu siku ile alirudi kuchukua kitu, wengine sufuria, wengine mbuzi. Sijui kama ilimsaidia. Alikaa na kichwa chake kwenye bega langu, mwepesi, sikujua mama yangu amekuwa mwepesi namna ile.

Kisha akajifuta kwa kitenge, akauliza kama redio ile inapokea matangazo siku ya Jumamosi. Nikasema inapokea. Akasema niandike lingine, lenye majina yote mawili, Bi Tausi juu na Nassoro chini, lisomwe leo saa saba, watu wa garaji nao wasikie.

Nilikuwa nimeshavaa viatu, niko mlangoni, akaniita.

"Kilombili usiiweke. Andika Nassoro tu. Alikuwa anaichukia."

Nimeliandika. Sikutumia ule ukurasa wangu, nimepiga kila neno kwa mkono, na nimelisoma mara nne, hadi mstari wa mwisho. Patro amelipeleka mwenyewe kwenye mvua iliyobaki. Saa saba nilikuwa njiani kuja hapa mjini, nikasimama kwenye duka la mtu asiyenijua, nikalisikia. Marehemu Bi Tausi. Marehemu Nassoro. Yule mtangazaji hakusitasita. Muuza duka aliniuliza kama nataka kununua kitu, nikanunua sabuni.

Sijui kama tumefanya sawa. Naliandika hili wazi, kwa sababu hapa ndipo pekee ninaposema kweli: hakuna habari mpya. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyepata nguo yake wala mfupa. Kilichobadilika ni kwamba wanawake wawili wamechoka, na mmoja alikosea zoezi la kumi. Akitokea mlangoni mwezi ujao na kile chuma begani, nitamwangukia miguuni, atanitukana, nitafurahi. Lakini sitamngojea tena namna ile. Nimejaribu tangu asubuhi kumngojea namna ile, siwezi.

Kesho saa tisa tutakuwa kwa Zubeda. Mama amesema ataenda na mkeka wetu wenyewe. Mama Swaumu atapika pilau, mimi nitabeba maji.

Ile kompyuta ya kazini nimeisafisha kabla ya kutoka. Faili zote za mazoezi, la kwanza hadi la kumi, nimezipitisha kwenye ile amri, safari hii na g yake. Badala ya Nassoro Kilombili sikuweka kitu, nafasi tupu. Nimeangalia kila faili hadi chini. Kwenye zoezi la kutafuta nilimtafuta tena kwa mara ya mwisho, na kompyuta ikanijibu -1.

Kitabu ninacho hapa kwenye mfuko, kimelowa pembeni. Nimekifungua ili nisiendelee kulia mbele ya watu. Zoezi la kumi na moja, panga herufi za neno kwa kufuata alfabeti. Si gumu, nimeshaona njia yake. Linaanza kama yote yanavyoanza.

Chukua neno lolote.

Nina karibu saa nzima nimekaa nalitazama. Yule mama wa simu ya Ubelgiji amekata, amekwenda zake. Neno lolote, kitabu kinasema, kana kwamba yako mengi. Nichukue lipi?